Mama Joseph na Breki Zilizonukia Maandazi

Watu wa pwani wana bahari yao, tuwaachie. Sisi wa Karatu tuna miteremko. Ukitoka geti la Ngorongoro unateremka. Ukipita Rhotia unateremka. Ukifika ukingoni, pale Ziwa Manyara linapoonekana chini kama shuka iliyoanikwa, unateremka mpaka masikio yanaziba. Kwa hiyo huku kwetu hatuulizani gari lako lina mwendo gani. Mwendo hata toroli linao, liachie tu pale Rhotia uone. Sisi tunaulizana: linasimama?

La Bibiana Sulle wa Qurus lilikuwa linasimama kwa mashauriano. Akikanyaga breki, kwanza linapiga kelele kama nguruwe anayefungwa kamba, halafu linatafakari, halafu linasimama hatua kumi na tano mbele ya pale alipokusudia. Kuku wa Qurus walishalijua. Walikuwa wakisikia ile kelele wanaruka ua bila kutazama nyuma.

Bibiana mwenyewe ana miaka sitini na minne, mfupi, mnene kiasi cha kupendeza, na anaendesha amekalia mto wa kitanda ili aone barabara. Alikuwa nesi mkunga kwa miaka thelathini na tano. Siku alipostaafu, wenzake walimpa saa ya ukutani na keki. Saa aliitundika, keki aliila, na wiki iliyofuata akachukua kiinua mgongo chake akanunua RAV4 ya milango mitano iliyokuwa ya kijani enzi zake, sasa ina rangi ya vumbi letu jekundu. Watu walidhani mama anataka kutembelea ndugu. Wapi! Alitaka kuendelea na kazi bila kusaini daftari la zamu. Mwanamke akishikwa na uchungu kule mashambani, iwe mke wa mwenye shamba au kibarua aliyetoka Singida juzi, simu inapigwa kwa Mama Joseph, na Mama Joseph anakuja na mto wake. Wengi huwafikisha hospitali. Wanne walikataa kusubiri, wakazaliwa kiti cha nyuma. Mmoja wao, dume la miaka mitano sasa, jina lake la ubatizo limesahaulika kabisa. Kijiji kizima kinamwita Ravu. Na gari lenyewe linaitwa Leba.

Sasa huyo Joseph aliyempa mama jina. Ni mwanawe wa pekee, anafanya kazi Dodoma, kwenye ujenzi wa maghorofa, na kazi yake ni kuhakikisha hakuna mtu anayeumia. Anavaa kizibao kinachong'aa na kofia ngumu, anapita akikataza. Usipande hapo. Usisimame hapo. Funga mkanda. Mtu wa namna hiyo ukimpa mama anayeendesha amekalia mto, halali usingizi.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne, katikati ya masika, alipiga simu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Mama, Selina amenitumia sauti ya gari lako."

Selina ni jirani, ana simu kubwa na mdomo mkubwa kuliko simu.

"Sauti gani? Gari halina redio."

"Sauti ya breki, mama! Nimewasikilizisha mafundi hapa kazini, mmoja akauliza ni ajali ya wapi. Sikiliza. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja. Nitapanda mimi mwenyewe, tuteremke mpaka Mto wa Mbu na kurudi. Likinitia wasiwasi hata mara moja, linauzwa. Kuna mtu Arusha analitaka alikate vipuri."

"Kulikata Leba?"

"Kadi ya gari ina jina langu, mama."

Na kweli ilikuwa na jina lake, maana yeye ndiye aliyetumwa bandarini kulitoa. Bibiana alikata simu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alilitazama gari, gari nalo likamtazama, taa moja ikiwa na ufa kama mtu aliyevunjika miwani. Bila Leba yeye ni bibi mmoja wa Qurus mwenye saa ya ukutani. Akainuka, akachukua mto wake, akaenda mjini kwa gia ya kwanza mwendo wote.

Fundi wa breki Karatu ni Kornelio Tluway. Wapo wengine, sikatai, kama vile vipo viazi vingine mbali na vya kwetu. Kornelio alianza ujana wake akiwa utingo kwenye lori la vitunguu kutoka Mang'ola. Kazi ya utingo wakati huo ilikuwa moja: lori likishindwa kusimama, unaruka na gogo, unakimbia sambamba na tairi, unatupa gogo mbele yake, unaomba Mungu. Miaka minne alikimbia na lile gogo. Anasema hakuna chuo kinachofundisha breki vizuri kuliko miguu yako mwenyewe. Watu walimpa jina la Simama, na yeye akaliandika kwenye ubao wa gereji, herufi kubwa nyekundu: SIMAMA BREKI.

Na ana utaratibu wake usiovunjwa. Nje ya gereji barabara inateremka kuelekea korongoni. Gari likishatengenezwa, Kornelio anachora mstari wa chokaa chini ya mteremko, mwenye gari anashika usukani, na Kornelio anakaa kiti cha mbele pembeni yake. Gari linaachiwa, breki inakanyagwa, na tairi za mbele lazima zisimame juu ya chokaa. Anasema fundi asiyepanda gari alilolitengeneza ni mpishi anayekula kwa jirani. Madereva wa watalii huja kutazama kama mpira.

"Mama Joseph," alisema Kornelio siku ile, akiwa amelivua Leba tairi za mbele na kuliegemeza juu ya magogo. Anamheshimu sana mama huyu. Watoto wake wote watatu walipokelewa na mikono ile. "Njoo uone. Hii ni diski. Ni sahani ya chuma inayozunguka na tairi. Ukikanyaga breki, pedi mbili zinaibana huku na huku kama mtu anavyobana sahani ya moto kwa vitambaa. Sasa pitisha ukucha hapa."

Bibiana alipitisha. Ukucha ukaenda ukiruka, tr-tr-tr, kama kwenye bati la mgongo mgongo.

"Mifereji," alisema Kornelio. "Pedi zilikwisha zamani, kimebaki chuma. Chuma kimekuwa kikilima chuma. Diski imekonda hivi, ningeweza kunyolea ndevu. Mama, umekuwa ukiteremka na hii?"

"Nilikuwa nateremka polepole."

"Na sala?"

"Na sala."

Vipuri viliagizwa Arusha vikaja Jumatatu na basi. Diski zilikuwa zenyewe hasa. Kornelio alizikosha kwa petroli kuondoa mafuta ya kiwandani, akazipangusa kwa kitambaa safi, zikang'aa mpaka Bibiana akajirekebisha kilemba ndani yake. Kisha akafungua boksi la pedi. Zilikuwa za gari jingine. Kubwa kama viatu vya baba.

Kornelio akalifunga boksi haraka kabla jirani hajaona. "Nitaagiza upya," alisema, "na safari hii naagiza seti mbili, nisiumbuke tena. Zitafika Ijumaa. Ila diski nenda nazo, mama. Stoo yangu inavuja na diski iliyokoshwa inashika kutu kwa kuitazama tu. Zitunze. Zisione maji."

"Kornelio, nimetunza watoto wa siku moja. Nitashindwa na sahani?"

Alirudi Qurus kwa bodaboda, diski zimefungwa gazeti, amezipakata.

Jumanne aliziweka juu ya kabati. Jumatano ukungu ulishuka kutoka milima ya Ngorongoro ukaingia mpaka chini ya godoro, maana ukungu wetu haupigi hodi. Bibiana akafungua gazeti. Lahaula! Juu ya ule mng'ao kulikuwa na utando wa rangi ya chai ya rangi. Kutu imeanza, na Ijumaa bado.

Sasa hapa ndugu zangu tumwelewe. Bibiana alikulia kwa mama yake, na mama yake alikuwa na jembe moja lililodumu miaka kumi na minane. Siri yake? Kila mvua ilipoanza, jembe, panga na kisu vilipakwa samli ya ng'ombe, vikasuguliwa kwa kitambaa mpaka vimeinywa yote na kubaki kama havijapakwa kitu. Hivyo ndivyo chuma kinavyotunzwa Qurus, Mbulu na kila mahali penye ng'ombe na akili. Bibiana alichukua kibuyu cha samli, akasugua kutu kwa majivu ikatoka, akapaka, akasugua, akapaka tena, pande zote mbili, hakuacha hata ukingo. Alipomaliza, zilikuwa nzuri kuliko zilivyotoka dukani. Akazifunga gazeti jipya, akalala kifua mbele.

Ijumaa mchana Kornelio alizipokea. "Mama Joseph, hata kutu ya dawa hakuna!" Vidole vyake vilikuwa na grisi ya magari matatu, asingeweza kuhisi samli hata ungemmwagia kibuyu kizima. Wala hakuzikosha tena. Kwa nini azikoshe? Alizikosha Jumatatu kwa mikono yake, na mikono yake anaiamini kuliko Biblia ya padri. Alisafisha mahali diski zinapokaa kwa brashi ya waya, akazipachika, akairudisha ndani pistoni ya kibano, kile chuma kinachozikandamiza pedi, kwa jeki ndogo ya mkono, akaweka pedi, akafunga kila nati akihesabu kwa sauti. Mvua ikaanza. "Majaribio kesho," alisema. "Na mwanao akiwepo. Nataka aone kwa macho yake kazi ya Karatu inavyofanywa."

Angejaribu siku ile ile, pengine nisingekuwa na hadithi. Lakini Kornelio na watazamaji ni kama mbuzi na chumvi.

Jumamosi jua lilitoka. Joseph alikuwa amefika jana yake jioni, amevaa raba nyeupe, akalizunguka Leba mara mbili. Mstari wa chokaa ulichorwa. Juu ya ukuta walikaa madereva watano wa watalii, na kati yao Kimaren, mtoto wa Oloipiri, anayeendesha Land Cruiser ndefu ya kwenda kreta na anayejua kumchokoza Kornelio kuliko mkewe.

"Simama!" alipaza sauti Kimaren. "Leo umechora mstari mwembamba sana. Unajiamini au chokaa imekwisha?"

"Chokaa ipo," alijibu Kornelio akipanda mbele. "Nimebakiza ya kukupaka wewe usoni ukilia."

Joseph aliingia nyuma, akafunga mkanda, akauvuta mara tatu. Bibiana akaweka mto wake, akakaa, akakanyaga pedeli ya breki mara kadhaa. Ilikuwa ngumu na imara, haijawahi kuwa hivyo. Moyo ukamtulia.

"Achia, mama," alisema Kornelio.

Leba likaanza kuteremka. Taratibu, halafu si taratibu.

"Sasa. Kanyaga."

Bibiana akakanyaga. Hakuna kelele. Hakuna nguruwe. Gari lilikwenda kimya, laini, kama linateleza juu ya hariri. Tatizo ni kwamba lilikwenda. Likafika kwenye chokaa, likavuka chokaa kwa heshima zote, likaendelea.

"Kanyaga, mama!"

"Nimesimama juu yake, Kornelio!"

"Mama!" alipiga yowe Joseph.

Kornelio akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Leba likazungusha makalio, likapiga chafya, likaingia pua kwenye lundo la makapi ya maharage pembeni mwa korongo, likasimama. Makapi yakaruka juu, yakarudi chini polepole, yakatua juu ya boneti, juu ya kilemba cha Bibiana kupitia dirishani, na juu ya raba nyeupe za Joseph aliyekwisha kutoka nje bila yeyote kumwona akifungua mkanda.

Hakuna aliyeumia. Kule ukutani Kimaren akasimama, akasema:

"Jamani, Simama leo amekuwa Twende!"

Mngesikia kicheko kile mpaka Mbulu.

Kornelio alishuka. Alizunguka mbele, akachuchumaa, akaitazama tairi. Kimaren alipoona fundi hainui kichwa, kicheko kilimfia mdomoni. Akaja akamshika Bibiana mkono. "Yeyo, pole. Umeumia?" Kwa Kimaasai ni mama, na kule kwao neno hilo hawalitupi hovyo.

"Sijaumia, mwanangu."

"Basi," alisema Joseph. "Basi, mama. Jumatatu linakwenda Arusha. Na wewe fundi, nitamwambia kila mwenye gari wilaya hii. Mama yangu angekufa mikononi mwako."

Kornelio aliinuka. "Una haki," alisema taratibu. "Sijui nimekosea wapi. Lakini mikono iliyofunga ni hii." Akatazama ule ubao wa herufi nyekundu kule juu kama mtu anayefikiria ngazi ya kuushushia iko wapi.

Ndipo harufu ikafika.

Ilitoka kwenye tairi za mbele, na moshi mwembamba wa bluu. Kimaren akanusa. Madereva wakanusa. "Nani anakaanga maandazi?" aliuliza mmoja.

Bibiana hakunusa mara mbili. Pua yake iliyajua maandazi hayo. Ilikuwa samli yake, ya ng'ombe wake, imepata moto.

Alielewa yote kwa mkupuo mmoja: jembe la mama yake halikuhitaji kubanwa likasimama, lilihitaji kuteleza udongoni. Na hakuna aliyejua. Kornelio mwenyewe hakujua. Angenyamaza, lingekuwa kosa la fundi. Akisema, ndiyo kwanza anampa Joseph ushahidi mkononi: mama amezeeka, mama anapaka breki samli, mama asipewe hata baiskeli. Akisema, Leba limekwenda. Akinyamaza limekwenda pia, lakini pengine, pengine Joseph angekuja kumnunulia jingine, siku moja, kwa huruma ya mama aliyeponzwa na fundi mbovu.

Mwaka wake wa kwanza wodini, Bibiana alimpa mgonjwa vidonge vya kitanda cha jirani. Mgonjwa hakudhurika na hakuna aliyeona. Alikwenda mwenyewe kwa matroni, akasema. Tangu hapo kila nesi mdogo aliyepita mikononi mwake aliambiwa neno moja: ukikosea, sema wewe kabla mgonjwa hajasema. Aliwaambia hivyo miaka thelathini na nne. Sasa mgonjwa alikuwa Kornelio, na alikuwa anatazama ubao.

"Ni mimi," alisema Bibiana.

Hawakumsikia. Akapandisha sauti ile ya wodini, inayomfanya hata daktari asimame wima.

"Nimesema ni mimi! Kornelio hana kosa. Diski nilizipaka samli."

Joseph aligeuka. "Umezipaka nini?"

"Samli. Jumatano. Zilianza kutu."

"Samli... ya kula?"

"Kuna samli ya kuvaa?"

"Mama, samli kwenye breki!"

"Ndiyo, na nzuri kabisa, ya yule ng'ombe mweupe. Nilizisugua pande zote mbili. Kama kuna mtu amezeeka hapa ni mimi, na kama kuna mtu wa kutangazwa wilayani nitangaze mimi. Huyu mwache na ubao wake."

Akasimama hapo, makapi kwenye kilemba, mikono kiunoni, akisubiri hukumu.

Wa kwanza kucheka alikuwa Kornelio. Kilianzia tumboni, kikampanda mabegani, akalazimika kushika boneti. "Samli!" alisema, machozi yakimtoka. "Miaka thelathini! Nimeona mafuta ya injini, nimeona grisi, nimeona mtu kaweka sabuni! Samli! Mama Joseph, umeikaanga breki!" Halafu akakoma ghafla, akajipiga paji la uso. "Na mimi sikuzikosha tena. Fundi gani asiyekosha diski iliyolala nje ya gereji siku nne? Mama, kosa hili tugawane. Wewe chukua kibuyu, mimi nachukua kitambaa."

Joseph hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake kwa namna ambayo Bibiana hakuielewa.

"Bwana mdogo," Kornelio alimwambia, "huko kwenye maghorofa yako, mtu akifanya kosa ambalo hakuna aliyeliona, akaja mwenyewe akalisema, mnamfanyaje?"

Joseph akakung'uta makapi kwenye raba moja. "Huwa hawaji," alisema. "Miaka sita nimewabandikia matangazo waje. Hajaja hata mmoja."

"Na akija?"

"Akija... huyo ndiye ningemwacha aendeshe winchi."

Basi hapo Kimaren akapiga kofi. "Yeyo amepata winchi!"

"Sijasema hivyo," alisema Joseph haraka. "Jaribio ni lile lile. Mpaka Mto wa Mbu. Wasiwasi mmoja tu, linauzwa." Lakini alikuwa anavua saa yake na kukunja mikono ya shati. "Fundi, mimi nifanye tairi ya kushoto. Nataka kuziona zikikoshwa kwa macho yangu."

Madereva wakalisukuma Leba kulirudisha juu, magogo yakawekwa, tairi zikavuliwa. Kornelio alikivua kile kibano, akakitundika kwa waya ili mpira wa mafuta ya breki usivutwe, akamfundisha Joseph kila hatua kwa majivuno yake yote yaliyokwisha kurudi. Diski zilikoshwa kwa sabuni na maji ya moto, zikapanguswa, zikakoshwa kwa petroli, zikapanguswa, zikakoshwa kwa petroli tena. Bibiana alisimama juu yao akikagua kama vyombo vya upasuaji. "Hapo nyuma bado," alisema, na kweli bado. Pedi zilizokunywa samli Kornelio hakuzisafisha. Alizitupa pipani. "Hizi hata ukizipiga msasa ni kama mlevi, zitarudia tu. Ndiyo maana niliagiza seti mbili," alisema, kana kwamba aliota ndoto ya samli tangu Jumatatu.

Safari hii Leba lilisimama juu ya chokaa, tairi mbili sawia. Kimaren alishuka ukutani akapima kwa fimbo yake, akaomba mstari uwe mwembamba zaidi. Kisha Bibiana akaendesha barabarani, akikanyaga taratibu na kuachia, mara ishirini, mpaka pedi na diski zizoeane. "Ni maharusi hao," Kornelio alimweleza. "Ukiwafokea siku ya kwanza watagombana maisha."

Saa nane mchana walikuwa ukingoni juu ya Manyara. Kornelio mbele, Joseph nyuma, Bibiana juu ya mto. Ziwa lilimeremeta kule chini. Bibiana aliingiza gia ya pili, akaacha injini ishike kazi, akagusa breki kabla ya kila kona, akaachia. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Joseph alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa vidole kumi.

Kona ya tatu, katikati ya lami, alikaa nyani dume. Mkubwa, mabega kama ya bondia, anakula ganda la ndizi kwa utulivu wa mtu aliyelipa kodi ya barabara.

Bibiana alikanyaga.

Leba lilisimama. Bila kelele, bila tafakari, bila mashauriano. Lilisimama pale pale, mita sita kutoka kwa nyani, mpaka simu ya Joseph ikamtoka mfukoni ikaanguka chini ya kiti. Nyani alitazama gari, akatazama ganda, akaona ganda lina maana zaidi. Bibiana hakupiga honi. Alisubiri, mkono mmoja juu ya usukani, kama alivyosubiri wengi waliokuwa hawajawa tayari. Baadaye nyani akainuka, akajikuna, akapita.

"Amepita," alisema Bibiana. "Twende?"

Kornelio akageuka kutazama nyuma. Joseph alikuwa ameachia kiti cha mbele. Mikono yote miwili ilikuwa mapajani, imetulia, ina grisi mpaka kwenye viwiko.

"Twende, mama," alisema.

Mto wa Mbu walikula ndizi nyekundu kando ya barabara, na Joseph akatoa masharti. Kila miezi mitatu Leba lipelekwe kwa fundi likaguliwe. Taa yenye ufa ibadilishwe. Samli isikaribie chuma chochote chenye tairi. Bibiana alikubali yote, kisha akatoa sharti lake moja: akirudi Dodoma, aipeleke kadi ya gari ikaandikwe jina la anayeliendesha. Joseph alitafuna ndizi muda mrefu. Halafu akasema ataipeleka Jumatatu, siku ile ile ambayo gari lilikuwa liuzwe, na akaomba achukue nusu kibuyu cha samli kwa matumizi ya chapati tu.

Kornelio tangu siku hiyo ana utaratibu mpya. Kabla ya kufunga diski yoyote, hata iliyotoka kwenye boksi la kiwandani, anaiinua mpaka usoni anainusa, macho ameyafumba. Wageni wanadhani ni ufundi wa hali ya juu. Anawaacha wadhani hivyo.

Jumanne mchana simu ya Bibiana ililia. Alikuwa Anifa, kibarua wa shamba la kahawa, mtoto wake wa kwanza, uchungu umekuja wiki mbili kabla. Dakika kumi baadaye Leba lilikuwa mlangoni na mto wake. Walishuka kilima, wakapanda, wakashuka tena, Bibiana akigusa breki kila kona, na ndani ya kibano kile, pembe moja ambayo petroli haikufika, tone la mwisho la samli ya ng'ombe mweupe likapata moto.

"Mama," alisema Anifa kutoka kiti cha nyuma, kati ya uchungu na uchungu, "mbona gari lako linanukia maandazi?"

"Nyamaza, mwanangu, vuta pumzi. Tukifika nitakununulia."

Na walifika. Mtoto alizaliwa kitandani hospitali, saa nzima baadaye, kama watu wote. Bibiana alifurahi, bila shaka alifurahi. Ila mkimtazama vizuri siku ile akitoka wodini na mto kwapani, mngesema alikuwa amemtegemea Ravu wa pili.